Siku saba za kuondoka



Kwenye mkutano mkuu uliopita ilisomwa barua. Wale mliotoka mapema kwa kukimbia mvua labda hamukuisikia, basi nieleze kwa kifupi. Ni barua ya kupeleka kwa wakubwa wa Leta kwa jina la chama chetu. Inaomba kwamba wageni wote wasio na papie, hapa Baraka na kando yote ya ziwa, wapewe siku 7 za kuondoka. Wasipoondoka, wafukuzwe kwa nguvu. Sababu zake munazijua: kazi ya kubeba mizigo bandarini inachukuliwa na watu wanaokubali franga kidogo, kuna wizi wa usiku, kuna mashamba yanayolimwa na watu ambao hakuna anayewajua, na katika wakati huu wa vita mtu asiyejulikana anatoka wapi anatia woga. Watu walipiga makofi. Miye pia nilipiga, kusema kweli, maana mzee aliyeisoma ninamuheshimu sana.

Lakini usiku usingizi haukuja. Kilichonisumbua ni ile namba. Siku 7. Nilikuwa nimeishaisikia mahali.

Wengi munajua kwamba nilisoma historia Bukavu kabla ya kuingia kazi ya shirika. Historia haijanipa makuta mengi, ila kwa jambo kama hili inasaidia kidogo. Nimeomba kurasa chache za gazeti letu nieleze kwa nini sahihi yangu haitakuwa kwenye ile barua.

Kwanza nisieleweke vibaya. Inchi iko na haki ya kujua nani anaingia na nani anakaa. Nyumba haikosi mlango. Sisi tulioishi kambini tunajua hilo kuliko wengine: kule Lugufu ulikuwa huwezi kupita kilomita 4 bila kibali, na aliyepita akashikwa, alijua amevunja sheria ya wenyewe. Hatukuipenda ile sheria, lakini hakuna aliyesema Tanzania haina haki ya kuweka sheria. Kwa hiyo mtu aliyeingia Kongo bila papie, hana sababu ya ukimbizi, amepewa nafasi ya kujieleza na ameshindwa, Leta inaweza kumurudisha kwao. Hapo niko pamoja na mzee. Tunapoachana ni pale barua inaposema «wote», na pale inaposema «siku 7».

Tuanze na Afrika Magharibi, maana kule somo linaonekana wazi. Mwaka 1969, mwezi wa Novemba, serikali ya Ghana chini ya Busia ilitangaza kwamba wageni wasio na kibali cha kukaa wawe wameondoka katika wiki 2. Wengi waliokumbwa walikuwa Wanaijeria, wafanyabiashara wa sokoni, wengine wamezaliwa kulekule. Sababu zilikuwa zilezile: kazi, biashara, wizi. Miaka 13 ikapita. Januari 1983, Nijeria nayo, bei ya petroli ilipoanguka na kazi kukosekana, ikatangaza wiki 2 kwa wageni wasio na papie. Safari hii waliokuwa wengi ni Waghana, zaidi ya milioni moja. Munaujua ule mfuko mkubwa wa plastiki wenye mistari ya viboksi, ule tunaobebea nguo, mama zetu wanauuza hapa sokoni? Kule Magharibi mpaka leo unaitwa kwa jina lenye maana ya «Ghana lazima iondoke», maana ndio walioubeba kichwani njiani. Na baada ya hapo? Nijeria haikupata kazi kwa vijana wake. Mwaka 1985 ikafukuza tena.

Hapa kwetu tusijifanye wasafi. Agosti 1964, wakati wa uasi, serikali ya Tshombe iliamuru raia wa Kongo-Brazzaville, wa Burundi na wa Mali waondoke, kwa sababu serikali zao zilishukiwa kusaidia waasi. Muuza samaki wa Burundi hakuwa na neno na Mulele wala Soumialot, lakini alibeba mzigo wa serikali yake. Mwaka 2009 Angola ilifukuza Wakongomani, sisi tukajibu kwa kufukuza Waangola makumi ya maelfu kutoka Kongo ya Chini, pamoja na watu waliokuwa wamekaa kule toka vita ya uhuru wao. Oktoba ya mwaka ule serikali mbili zikakubaliana kuacha. Mwaka 2014 Brazzaville ilianzisha operesheni iliyoitwa Mbata ya Bakolo, yaani kofi la wakubwa. Ilisemwa ni ya kuwinda wahalifu wa kuluna. Waliovuka mto kurudi Kinshasa walizidi 130,000. Kama wote wale walikuwa kuluna, basi Brazzaville haikuwa mji, ilikuwa jela.

Haya nimeyasoma. Kamako nilikuona.

Novemba 2018 shirika langu lilinituma Kasaï kwa wiki 6. Angola ilikuwa imeanza operesheni yake mwishoni mwa Septemba kwenye mkoa wa Lunda Norte, kule kwenye almasi, kusafisha wachimbaji wasio na ruhusa na wageni wasio na papie. Katika wiki chache watu zaidi ya 300,000 walivuka mpaka kuingia kwetu. Angola ilisema wameondoka kwa hiari. Kamako ni senta ndogo. Nilipofika, wimbi kubwa lilikuwa limeishapita, lakini bado barabara ya kwenda Tshikapa ilikuwa na watu kila upande, godoro kichwani, mtoto mgongoni, mabati yamefungwa kwenye kinga. Miye sijui Tshiluba hata kidogo, kijana mmoja alikuwa ananitafsiria kwa Kifaransa. Ilinishangaza: niko ndani ya inchi yangu na ninahitaji mtafsiri, na hakuna aliyesema miye ni mgeni. Walioitwa wageni ni wale waliokuwa wanarudi kwao.

Nilizungumza na fundi mmoja wa nguo. Alikaa Angola miaka 19. Alinionesha kipande cha karte ya kukaa, nusu moja tu, nusu nyingine ilibaki mkononi mwa askari. Kwa hiyo papie alikuwa nayo. Nilimuuliza kile tunachouliza siku zote kwenye fomu zetu, amepoteza nini. Nilitazamia ataje vitu. Akasema: «Nimepoteza mwezi mmoja. Wangenipa mwezi mmoja, ningekusanya madeni yangu, ningeuza mashini, ningekuja hapa na kitu cha kuanzia. Sasa nimekuja kukaa juu ya shemeji yangu.» Fomu yetu haikuwa na nafasi ya kuandika hiyo. Nimeikumbuka kuliko yote niliyoandika kwenye nafasi.

Na shemeji mwenyewe? Alikuwa analisha watu 11 kwenye nyumba ya vyumba viwili. Ndiyo maana ninasema kufukuza watu kwa siku chache hakumalizi tatizo. Kunalihamisha kutoka meza ya serikali kulipeleka kwenye sufuria ya mtu maskini.

Baada ya mambo ya namna hii, viongozi wa Afrika wenyewe waliandika sheria. Mkataba wa Afrika wa haki za binadamu ulipitishwa mwaka 1981 na ukaanza kufanya kazi 1986. Inchi yetu imo. Kifungu cha 12 kinakataza kufukuza wageni kwa kundi, na kinaeleza kundi ni nini: kuwalenga watu kwa taifa lao, rangi yao, kabila lao au dini yao. Sheria hii ilipimwa. Mwaka 1992 Zambia ilifukuza watu 517 wa Afrika Magharibi. Shirika moja la haki za binadamu likapeleka malalamiko kwenye Tume ya Afrika. Zambia ilijitetea: hawa walikuwa kinyume cha sheria. Mwaka 1996 Tume ikajibu jambo ambalo ningependa liandikwe ukutani kwenye ofisi yetu: haikusema Zambia haina haki ya kuondoa mtu aliyeingia vibaya, ilisema kila mmoja alipaswa kupata nafasi ya kujitetea mbele ya wanaoweza kuamua. Kukosa papie hakumfanyi mtu akose mdomo.

Sasa nije kwenye ile namba. Najua hapa kuna wasomaji watakaokunja gazeti. Naomba wavumilie aya mbili tu.

Mwanzoni mwa Oktoba 1996, makamu wa gavana wa Kivu ya Kusini alitangaza kwamba Wanyamulenge wapewe wiki moja kuondoka Zaïre, la sivyo watatendewa kama waasi. Siku 7. Mwaka mmoja nyuma, Aprili 1995, bunge la mpito Kinshasa lilikuwa limeishapitisha uamuzi wa kurudisha wote waliohesabiwa kuwa watu wa Rwanda na Burundi, wakimbizi wa juzi na wale waliokuwa hapa zamani, wote kwenye kapu moja. Agosti 1995 jeshi likasukuma wakimbizi karibu 15,000 kuvuka kwa nguvu, kisha likaacha. Sisemi tangazo la wiki moja ndilo lilizaa vita. Vita ilikuwa imeandaliwa, bunduki na watu walikuwa wameishaanza kuvuka. Sijasahau Makobola pia, na hakuna aliye na haki ya kuniambia nisahau. Lakini jiulizeni: kijana wa Kinyamulenge aliyekuwa bado anasitasita, mwalimu au muganga ambaye hakutaka mambo ya bunduki, siku aliposikia redio ikisema ana siku 7, alibaki na mlango gani? Tangazo lile lilimpa mwenye vita sababu aliyokuwa anaitafuta, na lilifungia nje wale ambao wangebaki katikati.

Mwisho wa mwezi uleule Uvira ilianguka, kisha Bukavu. Miye nilikuwa na miaka 8. Tulivuka ziwa usiku kwa mashuwa, mama akiwa amefunga sufuria mbili kwenye kitenge, tukafika Kigoma tukiwa wageni wasio na papie. Hivyo ndivyo tulivyoitwa, na ilikuwa kweli.

Tanzania ilitupokea. Nasema asante na nitasema mpaka nife. Lakini tazama vile historia inavyopindana: Desemba ya mwaka uleule, sisi tunaandikishwa Kigoma, serikali ileile ilitangaza kule Kagera kwamba wakimbizi wa Rwanda, karibu nusu milioni, wawe wamerudi kwao kabla ya 31 Desemba. Mkono mmoja unapokea, mkono mwingine unasukuma. Na mwaka 2013, sisi tumeisharudi, ikaja Operesheni Kimbunga katika mikoa ya Kagera, Kigoma na Geita kuondoa wahamiaji haramu. Walioko Ujiji walituambia kwa simu namna watu waliozaliwa kulekule walivyoulizwa babu yao alizikwa wapi. Sasa Ujiji! Mji ambao Wamanyema walitoka huku kwetu wakakaa toka enzi za misafara ya pembe za ndovu. Ukianza kuuliza babu, nusu ya mji itapanda mashuwa.

Ila Tanzania hiyohiyo ilifanya jambo lingine ambalo halisemwi sana. Warundi waliokimbia 1972, waliokuwa Ulyankulu, Katumba na Mishamo, waliulizwa mtu kwa mtu: unataka kurudi au unataka kuwa raia wa hapa? Waliotaka kurudi walisaidiwa. Waliobaki wakaomba, wakachunguzwa, na zaidi ya 160,000 wakapewa uraia. Ilichukua miaka, papie zilichelewa, kuna wakati ilionekana kama itaharibika. Lakini mwisho wake Leta ilijua nani yuko wapi, nani analipa kodi, nani wa kuita akifanya kosa. Kama lengo ni usalama, nioneshe operesheni ya wiki moja iliyofikia hapo.

Sasa turudi Baraka, maana barua ni ya hapa.

Barua inasema «wasio na papie». Swali langu: sisi tuko nazo? Kwa miaka mingi karte ya elektere ndiyo kitambulisho chetu. Aliyeikosa wakati wa kuandikisha, au aliyeipoteza ndani ya ziwa, anabaki na mdomo wake na ushahidi wa shefu wa kartie. Sheria inataka mtoto aandikishwe katika siku 90 baada ya kuzaliwa. Watoto wetu waliozaliwa Lugufu na Nyarugusu, wangapi walipitishwa kwenye korti baada ya kurudi ili wapate papie ya kuzaliwa? Wengi wanayo ile karatasi ya kliniki ya kambi tu, yenye mhuri wa Tanzania. Fikiria askari kwenye bariera usiku anasoma mhuri ule.

Sifikirii sana, maana imeishatokea. Mwaka jana mtoto wa dada yangu, aliyezaliwa Lugufu 2004, alikuwa anatoka Uvira. Kwenye bariera moja wakamuomba karte, hana. Akaanza kujieleza, na Kiswahili chake ni kile cha Kigoma, anasema «baiskeli», sisi tunasema kinga, anasema «shule», sisi tunasema masomo. Wakamushusha. «Weye uko mutu wa wapi?» Akasema Baraka. Wakamuambia ahesabu kwa Kibembe mpaka 10. Alifika 4. Alikaa pale toka saa nane ya muchana mpaka giza, mpaka tulipotuma mtu na makuta. Yule binti ni Mubembe kwa baba na kwa mama. Ile barua yetu ikikubaliwa, watu wa kwanza kushushwa kwenye gari hawatakuwa majambazi. Majambazi wanajua kununua papie. Watakuwa watoto wa wanachama wa chama hiki.

Na wa pili watakuwa Warundi wa Lusenda. Wako hapa toka 2015, wengi wamekimbia kama sisi tulivyokimbia, kwa mashuwa au kwa miguu. Hawa sheria yetu inawalinda: kuna sheria ya wakimbizi ya Oktoba 2002, na kifungu cha 33 cha Katiba kinatambua haki ya kuomba kimbilio. Wanaobeba mizigo bandarini kwa franga kidogo ni kweli wamo kati yao. Lakini mwenye kuwalipa kidogo ni nani? Ni mwenye mashuwa, ni tajiri, na huyo ni wa hapahapa, tunamujua jina. Barua haimtaji.

Badala ya barua ile ninapendekeza nyingine, na nimeishaianza. Inaomba Leta mambo machache. Korti itembee, yaani waamuzi waje Baraka, Mboko na Lusenda, wasikilize kesi za papie za kuzaliwa bila watu kulipa safari ya Uvira. Wageni waandikishwe na shefu wa kartie mbele ya mashahidi, kwa bei ambayo mbeba mizigo anaweza kulipa, maana papie ikiwa ghali mtu ataikimbia na aliyetakiwa kujulikana atajificha. Aliyeandikishwa na kukutwa hana haki ya kukaa apewe muda na apewe mahali pa kulalamika, siyo bariera ya usiku. Mwizi ashitakiwe kama mwizi, akiwa Mrundi au akiwa mjomba wangu. Na bei ya mzigo bandarini iwe moja kwa kila mbebaji, iandikwe kwenye ubao.

Mzee wetu aliniambia, nilipomuendea nyumbani kwake kumueleza, kwamba haya yote yatachukua miaka na yeye anaibiwa leo. Sikuwa na jibu zuri. Mbuzi wake watatu wamekwenda mwezi huu, na miye ningeumia vilevile. Nilimuambia tu kwamba hata siku 7 hazitarudisha mbuzi. Akacheka kidogo, akanimiminia chai, tukaongea mambo mengine. Yeye mwenyewe mwaka 1965, mtoto, alivushwa kwenda Kigoma na shangazi yake. Alirudi, akavuka tena 1996, akarudi tena pamoja nasi kwenye meli ya Mwongozo mwaka 2006. Mara mbili mgeni bila papie, mara mbili amepokelewa.

Barua ya kwanza iko bado kwa mwandishi wa chama, ina sahihi 4 kati ya 7 zinazotakiwa. Ya pili iko kwangu, ina 2, yangu na ya mama mmoja wa sokoni. Mkutano ni Jumamosi ya kwanza ya mwezi ujao, saa tatu asubuhi, mahali pa siku zote. Anayetaka kusoma zote mbili kabla ya siku hiyo apite nyumbani jioni, nitakuwepo.